Marion Donovan: mama aliyeshona kifuniko cha nepi, na uchaguzi aliowaachia wazazi

Mzazi anayenunua pampasi katika soko la Kadutu, Birere ao Butembo anaingia, pengine bila kujua, katika historia ya mama mmoja wa Marekani. Marion Donovan, aliyefariki mwaka wa 1998, iko kati ya wavumbuzi wa inchi ile wanaojulikana zaidi kwa vitu vya nyumbani. Yeye njo alitengeneza kifuniko cha nepi kisichopitisha maji, kinachofuliwa na kutumika tena. Kisha, yeye huyo huyo akataka kuleta nepi ya karatasi, ya kutumia mara moja na kutupa. Mawazo hayo mawili, la kufula na la kutupa, yangali yanagawanya wazazi mpaka leo, zaidi katika miji ambako takataka hazina gari ya kuzibeba.

Binti aliyekomalia kiwandani

Marion alizaliwa tarehe 15 Oktoba 1917 katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana. Baba yake, Miles O'Brien, pamoja na pacha wake John, walikuwa na kiwanda cha mashini za kuchongea vyuma, South Bend Lathe Works, walichoanzisha mwaka wa 1906. Mashini zao zilitumika kutengeneza vyuma vya magari na vya silaha.

Mama yake alikufa wakati Marion alikuwa na miaka 7 tu. Kuanzia hapo, masomo yakiisha, mara nyingi mtoto alikuwa anaenda kwa baba yake kiwandani. Akakomalia katikati ya mafuta, vyuma na watu waliozoea kushika kitu kibovu, kukifungua na kutafuta namna kinaweza kutumika vizuri zaidi. Angali katika shule ya msingi, alitengeneza unga wake mwenyewe wa kusafishia meno. Kwa mtoto wa namna ile, kuvumbua hakukuwa jambo la watu wa ajabu. Ilikuwa kazi ya kila siku, sawa vile kupika ao kufagia.

Hata hivyo hakusomea ufundi. Alienda katika chuo cha Rosemont, Pennsylvania, akamaliza mwaka wa 1939 katika fasihi ya Kiingereza. Kiisha akaingia New York kutumika katika gazeti la mitindo la Vogue, upande wa urembo. Mwaka wa 1942 aliolewa na James Donovan, mfanyabiashara aliyekuwa anaingiza ngozi kutoka inchi za inje. Wakahamia Westport, jimbo la Connecticut, na Marion akaacha kazi ili kulea watoto. Walipata watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja.

Shuka zilizolowa kila usiku

Wakati ule, nepi ilikuwa kitambaa cha pamba kilichokunjwa na kufungwa kwa pini. Kitambaa kinanyonya, lakini kikishiba maji yanapita. Mtoto analowa, nguo zake zinalowa, shuka na godoro vile vile. Mama anabadilisha nepi, lakini analazimika kubadilisha kitanda chote. Kwa hiyo mzigo mkubwa haukuwa kufula nepi yenyewe. Mzigo ulikuwa kufula vyote vilivyoizunguka.

Dukani kulikuwa kaptula za mpira za kuvalisha juu ya nepi. Zilizuia maji, ni kweli, lakini zilibana mapaja ya mtoto na hazikuacha hewa kupita. Ngozi ilikaa katika joto na unyevu, ikatoka vipele. Mzazi alilazimika kuchagua kati ya kitanda kilicholowa na mtoto anayelia juu ya ngozi iliyoungua.

Mwaka wa 1946, Marion alichukua rido ya plastiki ya bafuni kwake, akaikata, akakaa mbele ya mashini ya kushona. Alishona, akajaribu, akafungua, akashona tena. Rido nyingi ziliharibika kwa majaribio hayo. Mwishoni akapata kifuniko chenye umbo zuri, kinachozunguka nepi ya pamba bila kumbana mtoto.

Plastiki ya rido haikumtosha. Akahamia kwa nailoni ya parashuti, kitambaa chepesi kinachokatalia maji na kuacha hewa ipite kidogo. Tena akaondoa pini zilizoweza kuchoma mtoto, akaweka vifungo vya kubonyeza. Kifuniko akakipa jina la Boater, juu ya umbo lake lililofanana na mashua. Katikati yake mama anaweka kitambaa cha pamba. Kikilowa, anatoa kitambaa tu, anaweka kingine. Kifuniko kinapanguswa ao kinafuliwa na kurudi kazini.

Hakuwa peke yake kufikiri hivyo. Katika miaka ile ile, Valerie Hunter Gordon, mama mwingine huko Uingereza, alishona pia kifuniko cha nailoni ya parashuti, kilichoitwa Paddi, ila yeye aliweka ndani pedi ya kutupa. Vita kubwa ya dunia ilikuwa imekwisha, kitambaa cha parashuti kilipatikana, na wamama wa inchi mbili wakaona kazi nyingine ya kukipa.

Viwanda vyafunga mlango, duka lafungua

Marion alipeleka kifuniko chake kwa viwanda vilivyokuwa vinatengeneza vitu vya watoto. Vilikikataa. Wakubwa wa viwanda, karibu wote wanaume, hawakuona haja yake. Hawakuwa wao waliokuwa wanaamka usiku kubadilisha shuka.

Badala ya kuacha, aliamua kukitengeneza na kukiuzisha mwenyewe. Mwaka wa 1949 kikaingia katika Saks Fifth Avenue, duka kubwa la New York, na wazazi wakakipenda mara moja. Tarehe 12 Juni 1951 alipata hati ya uvumbuzi, ile inayojulikana kama breve. Mwaka ule ule akauzisha haki zake kwa kampuni ya Keko kwa Dola milioni 1, mali kubwa sana kwa wakati ule.

Jambo moja lisisahauliwe katika hatua hii. Kifuniko kilichomletea Marion utajiri hakikuwa cha kutupa. Mama alihitaji vifuniko vichache na rundo la vitambaa, basi. Kazi ya kufula ilipunguka bila kuongeza takataka.

Wazo la pili: karatasi

Nyuma ya ushindi huo, Marion alitaka kwenda mbali zaidi. Kama kitambaa kingeweza kuondoka kabisa, mama angepumzika kabisa. Akaanza kutafuta karatasi yenye nguvu, inayonyonya maji na kuyapeleka mbali na ngozi ya mtoto. Karatasi ya kawaida inalowa na kupasuka, tena inabakisha unyevu karibu na mwili, kwa hiyo kazi haikuwa rahisi.

Alizunguka kwa makampuni makubwa ya karatasi ya Marekani kueleza wazo lake. Mara hii pia wakamkatalia. Waliona nepi ya kutupa haina lazima na haiwezi kufanya biashara. Marion akaacha jambo lile, akageukia vitu vingine.

Miaka karibu 10 ikapita. Katika kampuni ya Procter & Gamble, injinia wa kemia Victor Mills, aliyekuwa amechoka kubadilisha nepi za mjukuu wake, alisimamia kikundi kilichotafuta nepi ya kutupa. Kampuni ilikuwa imenunua kiwanda cha karatasi cha Charmin mwaka wa 1957, kwa hiyo malighafi ilikuwa mkononi. Mwaka wa 1961 Pampers ilianza kujaribiwa sokoni katika mji wa Peoria, jimbo la Illinois. Kwa senti 10 kila moja, wazazi wengi waliona bei kali. Bei iliposhushwa, njia ikafunguka. Jina hilo limeenea mpaka leo watu wengi wa Kivu na Ituri wanaita pampasi kila nepi ya kutupa, hata iliyotengenezwa na kampuni nyingine.

Mara nyingi Marion anaitwa mama wa nepi ya kutupa. Ukweli ni kwamba yeye aliitaka, lakini hakufaulu kuiingiza sokoni. Kile alichofaulu kabisa ni kifuniko cha kufula.

Kinachobaki mtoto akishabadilishwa

Pampasi ya leo si karatasi tu. Upande wa inje una plastiki inayozuia maji, upande wa ngozi una kitambaa chepesi cha plastiki pia, na katikati kuna nyuzi za mti zilizosagwa. Tangu miaka ya 1980 viwanda vingi vimechanganya na chembe za kemia zinazonyonya maji mengi na kugeuka kama ute. Hizo chembe njo zinaonekana pampasi ikipasuka. Nyuzi za mti zinaweza kuoza. Plastiki haiozi kwa maisha ya mtu mmoja.

Hesabu yake ni rahisi. Mtoto anayebadilishwa mara 5 kwa siku anamaliza pampasi 1,825 kwa mwaka, na 3,650 kwa miaka 2. Mtoto wa vitambaa anahitaji vitambaa 20 mpaka 24 na vifuniko 4 ao 5. Akikua, vile vile vinapita kwa mdogo wake.

Hata Marekani, inchi yenye magari ya takataka na mashimo yaliyotayarishwa, tatizo ni kubwa. Kwa hesabu ya serikali yao, mwaka wa 2018 pekee nepi za kutupa karibu tani milioni 3 zilifukiwa ardhini.

Katika miji ya mashariki ya Kongo, mara nyingi hata shimo hilo haliko. Bukavu imejengwa juu ya vilima, na mvua ikinyesha takataka za mifereji zinashuka kwenye ziwa Kivu. Kutoka ziwani, maji yanatokea mto Ruzizi, na pale pale kuna kituo cha umeme cha Ruzizi I. Plastiki inajikusanya mbele ya kituo, inaziba mashini, na umeme unakatika kwa wakaaji. Chupa njo zinaonekana zaidi juu ya maji, lakini kila plastiki inayotupwa katika mfereji inashika njia ile ile.

Tena pampasi iliyotumika iko na mavi ya mtoto ndani. Wengi wanafikiri mavi ya mtoto mdogo hayana hatari. Kumbe yanabeba vidudu vya kuharisha sawa na ya mkubwa, na kando ya maziwa ya Kivu na Tanganyika kipindupindu kinarudi mara kwa mara. Pampasi ikitupwa karibu na fasi watu wanachota maji, mtoto wa jirani anaweza kulipa.

Kuchagua bila kujidanganya

Je, kitambaa njo jibu kila mara? Hapana. Mwaka wa 2008 shirika la serikali ya Uingereza linaloshughulika na mazingira lilitoa uchunguzi juu ya nepi za aina zote mbili, kwa mtoto wa miaka 2 na nusu. Katika matumizi ya kawaida ya wazazi wa kule, hewa chafu inayochangia joto la dunia ilikaribia kulingana: kilo 550 kwa nepi za kutupa, kilo 570 kwa vitambaa. Sababu ni umeme wa kuchemsha maji na wa mashini za kukausha. Lakini mzazi akifula nyingi kwa pamoja, akianika inje kila mara, na kutumia vitambaa vile vile kwa mtoto wa pili, hewa hiyo inapunguka kwa asilimia karibu 40. Nepi zikikaushwa zote kwa mashini, kitambaa kinaharibu kuliko ya kutupa.

Kwa maneno mengine, faida ya kitambaa inategemea namna ya kukifula. Hapo wazazi wa Kongo wako na nafasi nzuri kuliko wale wa Uingereza: hapa nguo inaanikwa juani, na nguo ya mtoto inapita kutoka mkubwa mpaka mdogo. Kinachokosekana mara nyingi ni maji. Mama anayepanda kilima na bido la lita 20 mgongoni hawezi kuambiwa kwamba kufula ni kazi ndogo. Njo maana kifuniko cha Marion kina maana kwake: kikizuia maji kufikia shuka na blanketi, kinachobaki kufula ni kitambaa kidogo tu.

Fundi wa kushona wa kartie anaweza kutengeneza kifuniko cha namna hiyo kwa kitambaa chepesi kisichopitisha maji, chenye lastiki laini na vifungo. Ndani, pamba inafaa: fulana kuukuu, taulo iliyochakaa ao kitambaa cha flaneli kilichokunjwa mara kadhaa. Mfuko wa plastiki wa sokoni usitumiwe, juu ya ngozi ya mtoto itaungua sawa na zamani za kaptula za mpira.

Kuhusu usafi, mavi yaondolewe kwanza na kutupwa chooni. Maji ya kwanza ya kusuuza yaende chooni pia, yasimwagwe mtoni ao ziwani. Vitambaa vya pamba vinaweza kufuliwa kwa maji ya moto na sabuni, visuuzwe mpaka sabuni iishe, vianikwe juani vikauke kabisa. Kifuniko chenyewe kisichemshwe wala kupigwa pasi, kitaharibika. Na mikono inawe kwa sabuni kila mara, mbele ya kushika chakula.

Kuna familia ambazo haziwezi kuacha pampasi kabisa: mama iko safarini, mtoto analazwa hospitali, maji yamekatika wiki nzima. Kutumia pampasi moja usiku na vitambaa mchana kunapunguza sana matumizi. Anayezitumia azifunge vizuri, mavi yakishatolewa, na azipeleke fasi takataka zinakusanywa. Zisitupwe ndani ya choo, kwani zinakijaza na haziozi.

Tahadhari nyingine ni kwa nepi zinazouzishwa kwa jina la kuoza zenyewe. Nyingi zina sehemu tu inayooza, na hiyo pia inahitaji fasi maalumu yenye joto na hewa. Ndani ya mfereji ao chini ya lundo la takataka zitakaa muda mrefu sawa na nyingine. Mzazi anayelipa zaidi kwa ajili ya jina hilo aulize kwanza takataka zake zinaenda wapi.

Miaka ya mwisho

Marion Donovan hakukaa akila milioni yake. Alirudi masomoni, na mwaka wa 1958 akapata diploma ya ujenzi wa nyumba katika chuo kikuu cha Yale, akiwa mmoja wa wanawake 3 tu wa darasa lake. Baadaye, mwaka wa 1980, alichora mwenyewe nyumba yake ya Greenwich, Connecticut.

Kwa jumla alipata hati za uvumbuzi 20. Alitengeneza kitundikio kinachobeba nguo 30 katika kabati ndogo, kamba ya lastiki ya kumsaidia mwanamke kuvuta zipu ya mgongoni bila msaada, na uzi wa kusafishia katikati ya meno. Vyote vilitoka katika shida ndogo za nyumbani ambazo watu wengine walikuwa wamezizoea.

Ndoa yake ya kwanza ilivunjika, na mwaka wa 1981 akaolewa na John Butler. Alifariki New York tarehe 4 Novemba 1998, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 81. Karatasi na michoro yake inahifadhiwa Washington, katika makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani. Mwaka wa 2015 jina lake liliingizwa katika orodha ya heshima ya wavumbuzi wa taifa lile.

Wakati wake, swali lilikuwa moja tu: namna gani mama atapumzika na mtoto akae mkavu? Wakati wa leo umeongeza swali la pili: kinachotupwa kinaenda kwa nani? Vifuniko vya kufula vinavyoshonwa leo katika inchi nyingi vinafanana sana na Boater ya mwaka wa 1949, pamba ndani na kitambaa cha kukatalia maji inje. Kwa mzazi ambaye mfereji wake unaishia ziwani, kati ya mawazo mawili ya Marion Donovan, lile la kwanza njo lingali linajibu maswali yote mawili.